Chakula Kisicho na Macho

Mwanahamisi wa mtaa wa Mangobo aliuza mbinzo na uongo kwa pamoja, na watu walinunua vyote viwili. Mbinzo ni wale viwavi wa msituni wanaoanguka kutoka mitini mvua zinapoanza. Unawachemsha, unawakausha, unawarundika kwenye beseni mpaka wang'ae kama makaa. Uongo wake haukuhitaji kukaushwa. Aliapa kwamba jogoo wake alidonoa mbinzo moja tu, akamfukuza mbwa wa polisi mpaka ng'ambo ya mto. Aliapa kwamba marehemu mume wake, kwa sahani moja, aliinua lori lililokwama kwenye matope ya njia ya Buta, na dereva alikuwa amelala ndani, wala hakuamka.

"Onja, mwanangu," alimwambia kila aliyesimama. "Ila ukifika nyumbani, mulango ufungue polepole. Usije ukabaki na kitasa mukononi."

Watu walicheka, wakanunua. Kando ya mbinzo aliweka karanga, madesu, yaani maharage, samaki wa moshi kutoka kwa wavuvi wa maporomoko, na mbika, zile mbegu bapa za boga la shambani ambazo wanawake wa mji ule huzitwanga, wakazifunga kwa majani na kuziweka motoni. Aliketi katikati ya nguvu zote hizo tangu soko linafunguliwa mpaka linafungwa, akizigawa kwa vikombe. Na nyumbani kwake, nyuma ya mlango wa mbao uliopinda, mjukuu wake Binti alikuwa anavimba.

Ilianza miguuni. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale likikutazama. Kisha uso ukawa wa mviringo, hata wapita njia wakasema mtoto amenona, Mungu awabariki. Lakini mtoto aliyenona hucheza. Binti alikaa pale alipowekwa. Jua likimfikia, alikaa nalo. Mvua ikimnyeshea, alikaa nayo. Nywele zake ziligeuka rangi ya kutu, zikawa zinatoka zenyewe kwenye mkeka. Hata kulia hakulia. Alitoa kisauti chembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa, na nyumba ile ilikuwa imeanza kukizoea, ambalo ndilo jambo baya zaidi.

Mama yake mtoto, Julienne, alikuwa mzaliwa wa hao wavuvi wa maporomoko. Alikuwa na mimba nyingine. Mume wake, Feruzi, mtoto wa kiume wa Mwanahamisi, alifanya kazi kwenye mashua ya mizigo, na vita vilimkuta upande wa Basoko. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema amemwona, wala aliyesema hakumwona. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, mtoto mmoja, na kopo.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga. Sista wa dispanseri alimkabidhi Julienne kabla mambo hayajaharibika, na siku ile alisema maneno mengi: tia kijiko kwenye uji, ongeza madesu yaliyopondwa, ongeza samaki, ongeza karanga, mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Katika yote hayo Julienne alisikia neno moja tu, kopo. Aliporudi nyumbani akawa anakoroga unga ule kwa maji matupu. Kopo lilipoanza kupungua, akaongeza maji. Lilipopungua zaidi, akaongeza maji zaidi, mpaka Binti akawa anakunywa maji yaliyopita karibu na maziwa. Na Mwanahamisi, aliyekuwa na maneno ya kuwauzia viwavi watu wa mji mzima, hakuwa na hata moja la kumwambia mkwewe. Yeye naye aliamini kwamba nguvu za Wazungu zilisagwa, zikatiwa mle ndani.

Juu ya hayo kulikuwa na mwiko. Katika nyumba ile, mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu ya mimba hakupewa kitu chenye macho. Si samaki, si kuku, si mbinzo. Kitu chenye macho, ilisemwa, kitamtazama aliye tumboni kwa kupitia kwa aliye nje, na mmoja wao ataondoka. Nani aliyeanzisha mwiko huo, hakuna aliyejua. Mwanahamisi aliukuta kwa mama yake, akaufuata. Alimlea Feruzi hivyo. Kabla ya Feruzi alilea wengine wawili hivyo, na hao wawili hawapo.

Mwezi wa nane, wapiganaji walioasi serikali waliingia mjini. Walijiita Simba. Walivaa majani vichwani na ngozi mabegani, na walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa yanayogeuza risasi kuwa matone ya mvua. Dawa yenyewe ilikuwa na miiko yake: usiguse mwanamke, usile kilichopitia mikononi mwa mwenye mimba, usigeuke nyuma vitani. Askari wa serikali waliona watu wanakuja bila kugeuka nyuma, basi wakageuka wao. Wanasema mmoja alikimbia mbio hata viatu vyake vikamkosa, vikafika siku ya pili.

Watu walicheka hayo wiki ya kwanza. Baadaye hakuna aliyecheka. Dispanseri ilifungwa. Masista walipandishwa kwenye lori, na waliowaona wakipanda walijifunza kusema hawakuona kitu. Soko likawa na wauzaji wengi na sauti chache. Mwanahamisi mwenyewe aliacha habari za jogoo, maana zilikuwa na mbwa wa polisi ndani yake, na siku hizo polisi wa zamani alikuwa mtu wa kutotajwa.

Jirani yake alikuwa kijana mmoja, Constant, mtoto wa Delphine aliyekuwa akiuza chikwangue, ile mikate ya muhogo. Constant alijiunga na vijana wa wapiganaji, akapewa kipande cha ngozi cha kufunga mkononi. Alikiita cha chui. Mwanahamisi alimtambua paka. Jioni moja alikuja akaegemea ukuta wa nyumba yao.

"Koko," alisema, na kule Koko ni bibi, "mutoto wenu iko navimba kila siku. Munamupa nini?"

"Hewa, mwanangu. Hewa ya Mangobo iko na mafuta."

"Mi sicheki, Koko. Kule mujini wamekamata mutu moja na kopo ya Amerika. Ile yenye picha ya mikono mbili imeshikana. Wamemuuliza: huu mukono moja ni wa Muamerika, bon. Na huu wa pili ni wa nani? Akakosa jibu."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nimekuambia akakosa jibu."

Constant aliangalia mlango uliopinda, akauangalia tena, kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Mwanahamisi aliingia ndani, akalitoa kopo chini ya kitanda. Mikono miwili ilikuwa pale, imeshikana vizuri, haina wenyewe. Maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu. Alisimama na kopo lile akitafuta mkono wa pili ni wa nani. Ni wa Feruzi. Ni wa jirani. Ni wa shetani. Kila jibu lilikuwa na mtu wa kufa ndani yake. Basi akalipeleka nyuma ya nyumba, akalitumbukiza chooni, na unga uliobaki ukiwa ndani.

Julienne alikuwa ametoka kuteka maji. Aliposikia, aliweka ndoo chini polepole sana.

"Mama. Ilikuwa imebaki."

"Ilikuwa imebaki, ndiyo."

"Umemuua mutoto."

"Ningeiacha, wangetuua watatu. Wanne, pamoja na huyo wa tumboni."

"Basi sasa atakula nini? Ile hewa yako ya mafuta?"

Mwanahamisi alimgeukia Binti. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, miguu imenyooka mbele kama ya mtu mwingine, anatazama ukuta. Kisauti cha mbu kilikuwa kimenyamaza tangu asubuhi. Bibi alikijua kimya hicho. Alikuwa amekisikia mara mbili.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alifungua magunia yake mwenyewe. Alianza na visivyo na macho, ili asigombane na mkwewe wala na mama yake aliye kaburini. Alikaanga karanga, akazimenya, akazisaga juu ya jiwe mpaka zikatoa mafuta. Alitwanga mbika zikawa ute mweupe, akatia chumvi kidogo, akaufunga kwa majani kuwa kifurushi, ndilo liboke, na kuuweka kando ya makaa. Alichemsha madesu mpaka maganda yakatoka, akayaponda. Kisha akampakata Binti na kumtilia mdomoni kwa ncha ya kidole. Mtoto aligeuza shingo. Akasubiri. Akatia tena. Mtoto alikiacha chakula kikae ulimini, hakumeza, hakutema.

"Unaona," Julienne alisema.

"Naona. Lete maji ya vuguvugu."

Ilikuwa kazi ya kutwa nzima, kidole na kidole. Kilichoingia kilikuwa kidogo hata kuku asingekigombania. Lakini kesho yake kiliingia zaidi kidogo, na Mwanahamisi akaanza kuyatazama mabeseni yake kwa jicho lingine. Mbinzo zilikuwa pale. Samaki walikuwa pale. Miaka yote aliyowaambia watu kwamba mbinzo moja inainua lori, hakuna mtoto wa nyumbani kwake aliyewahi kuionja.

"Julienne," alisema, "samaki bila kichwa iko na macho?"

"Macho iko kwa kichwa, mama."

"Na kichwa ikibaki nje ya nyumba?"

Julienne alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu habari ya kopo, mdomo wake ulitaka kucheka, ukaogopa.

"Basi itakuwa kama mti tu," alisema. "Kama kipande cha mti chenye chumvi."

"Bon. Leta kisu. Mti hauna macho."

Wakakata. Samaki walipunguzwa vichwa nje, karibu na migomba, kabla hawajavuka kizingiti. Mbinzo zilikatwa vichwa kwa kucha, moja moja, vichwa vyeusi vidogo kama punje za pilipili. Mwili wa mbinzo ulikaushwa tena, ukasagwa unga, unga ukaingia kwenye liboke la mbika au kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa kwa karanga. Samaki alichambuliwa miba, akapondwa. Mwiko haukuvunjwa, ulizungukwa tu, kama mtu anavyozunguka dimbwi. Julienne, aliyekuwa na mikono yenye nguvu, alitwanga, Mwanahamisi alilisha. Na vichwa vikabaki chini ya migomba, siku baada ya siku, mpaka vikawa rundo.

Kwanza mambo yalizidi kuwa mabaya. Uvimbe ulianza kushuka, na chini yake hapakuwa na mtoto, palikuwa na mifupa. Mashavu yaliondoka. Mapaja yakawa ngozi ya kukunjakunja.

"Unamukausha!" Julienne alilia. "Unamukausha kama mbinzo zako!"

Mwanahamisi alirudi kwenye jiwe. Alisaga. Usiku alikaa macho akisikiliza pumzi. Aliwaza kwamba huenda mama yake alisema kweli, kwamba huenda macho hayako kichwani tu, kwamba huenda kiumbe hutazama kwa mwili mzima. Asubuhi alikata vichwa tena.

Kisha nzi alitua puani pa Binti, na Binti akainua mkono akamfukuza. Kitu kidogo hivyo. Wanawake wale wawili walimtazama nzi akienda zake kama watu wanaotazama meli inaondoka na ndugu yao.

Wakati huohuo vita viligeuka. Wapiganaji waliotoka mjini kwa nyimbo walirudi wachache, bila nyimbo. Risasi zilikuwa zimeacha kugeuka maji. Na kwa kuwa dawa haikosei, lazima mtu ameiharibu. Walianza kumtafuta huyo mtu nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja alichukuliwa kwa sababu ya kioo. Mwanamke mmoja alichukuliwa kwa sababu aliota ndoto akaisimulia. Mitaani watu walitembea wakiangalia miguu yao wenyewe.

Constant alikuja kufuata embe lililodondoka nyuma ya nyumba ya Mwanahamisi. Akaona rundo. Vichwa vya samaki vilivyokauka, midomo wazi. Na chini yake, na kando yake, vichwa vidogo vyeusi vingi kuliko mchanga, na siafu wakivipanga mstari. Hakuokota embe.

Walikuja mchana, jua likiwa juu. Mbele alikuwa kijana waliyemwita Kapiteni Urbain, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, ngozi ya kweli ya chui kichwani. Nyuma yake watu wawili wenye bunduki. Nyuma yao Constant, ambaye hakujua aweke wapi mikono. Mtaa mzima ulifunga madirisha kwa pamoja, kama mtu aliyefumba macho.

"Ni wewe Mwanahamisi?"

"Ni mimi, papa." Alimwita papa, yaani baba, ingawa angeweza kumzaa mara mbili.

"Unakata vichwa vya nani?"

Majibu yake yote ya zamani yalimjia mdomoni, jogoo na lori na viatu vinavyokimbia peke yake. Aliyameza.

"Vya samaki na mbinzo. Mutoto wa mutoto wangu iko mugonjwa. Kwetu mutoto kama huyu hali kitu chenye macho. Nikakata vichwa ili ale."

Mmoja wa wenye bunduki alicheka kwa pua. Kapiteni hakucheka.

"Watu wangu wamelala kwenye njia ya Bafwasende bila vichwa," alisema. "Tangu nyie mulipoanza kukata hapa. Na wewe unaniambia ni sababu ya mutoto kula."

"Ni kweli, papa."

"Kapiteni, huyu Koko ni muongo," Constant alisema haraka. "Mutaa muzima unajua. Hata akisema jua limetoka, tunaangaliaka juu kwanza."

"Constant," Mwanahamisi alisema, "mimi ndiye nilikukata kitovu."

"Ndiyo maana nakujua, Koko."

Kapiteni aliinua mkono, wote wakanyamaza. "Mulete huyo mutoto. Mulete hicho chakula. Ale mbele yangu. Akila, umesema kweli. Akikataa, mutapanda lori, nyie wote, na mutasema mbele ya muganga wetu hivyo vichwa ni vya nani."

Julienne alitoka na Binti kiunoni na bakuli mkononi, tumbo lake mbele yake. Wapiganaji walirudi nyuma hatua, wasiguswe na kivuli chake. Alimketisha mtoto chini, akaweka bakuli, akasogea. Ndani mlikuwa na liboke lililofunguliwa, mbika na unga wa mbinzo, bado linatoa moshi.

Binti aliangalia bunduki. Aliangalia ngozi ya chui. Alikuwa hajawahi kula kwa mkono wake tangu ugonjwa. Kila tonge liliingia kwa kidole cha bibi. Mwanahamisi alitaka kuinama, Kapiteni akamzuia kwa fimbo.

"Peke yake."

Siafu walikuwa wanapita kwenye kivuli cha migomba. Mtoto alikaa. Jasho la bibi lilishuka mgongoni, likafika kiunoni, na bado mtoto alikaa, anatazama, na yule mwenye bunduki aliyecheka alianza kuhamisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile.

Ndipo Binti alipoinama mbele, mkono mmoja chini kujitegemeza, na wa pili akauzamisha bakulini mpaka kifundoni. Akaupeleka mdomoni. Akala. Akaupeleka tena. Chakula kilimpaka mashavu, kikamwingia puani, akapiga chafya akaendelea. Alikula kama mtu anayefukuzwa. Bakuli likasogea, akalifuata kwa makalio.

Kapiteni alitazama. Uso wake ulibadilika kidogo. Harufu ile ya mbika na moshi ilikuwa imemfikia, na labda ilikuwa siku ya pili hajala. Alichuchumaa. Akanyoosha mkono kwenye bakuli la mtoto, achukue tonge.

"Acha!" Mwanahamisi alimkamata mkono hewani, akakumbuka alichoshika, akauachia kana kwamba unaunguza. "Usile, papa. Huyu mwenye mimba ndiye ametwanga. Dawa yako itakufa."

Bunduki zote mbili zilimwelekea. Kapiteni alibaki amechuchumaa, mkono hewani, vidole wazi. Aliwatazama watu wake, akamtazama Julienne na tumbo lake, akamtazama kikongwe. Mchawi anayetaka kuharibu dawa ya Simba angemwacha ale; huyu alikuwa na Simba mwenyewe ameinamia bakuli, na alikuwa amemkataza.

Alisimama taratibu.

"Umenigusa," alisema.

"Mimi ni muzee, papa. Damu yangu iliisha zamani. Mukono wangu ni kama fimbo."

Kapiteni alimgeukia mtoto. Binti alikuwa analamba majani ya liboke.

"Mutoto anakula, nimeona," alisema mwishowe. "Lakini vichwa vimekatwa, na watu wangu wamekufa. Hayo mambo mbili siwezi kuamua peke yangu. Kesho utakuja kambini, uongee na muganga. Usingoje mutu aje kukuita." Akageuka aende, akasimama tena. "Na uje na huyo mutoto."

Waliondoka. Constant alibaki kidogo.

"Koko," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "kwa muganga mutu haendaka na kurudi." Kisha akawakimbilia wenzake.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, wanawake wale walikuwa ukingoni mwa mto Tshopo, kwenye majani marefu, mbali kidogo na daraja. Hubert, kaka yake Julienne, mvuvi, aliwaleta na mtumbwi mwembamba unaotosha samaki na si watu. Ng'ambo ile kulikuwa na msitu wa Masako, na ndani yake shamba la binamu wa Mwanahamisi, Kadidja, ambalo wapiganaji walikuwa hawajalijua. Darajani walilinda; sauti zao zilisikika zikikohoa.

"Mutu asiseme kitu," Hubert alinong'ona. "Maji inabeba sauti. Hata pumzi, mezeni."

Aliusukuma mtumbwi bila kuinua kafi, akiliacha limo majini kama mkia wa samaki. Walifika katikati. Ukungu ulikuwa mzito, daraja lilionekana kama kitu kilichochorwa vibaya. Binti alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amefungwa kwa kitenge, na alikuwa hajala tangu jioni, maana asubuhi ile hakuna aliyewasha moto.

Alilia.

Haikuwa kisauti cha mbu. Ilikuwa sauti nzima, ya koo na kifua na tumbo, sauti ya mtoto anayedai haki yake, na ilipita juu ya maji ikagonga daraja ikarudi.

"Mama, mufunge mudomo!" Hubert alisema. "Mufunge!"

Julienne alikuwa amekwisha kugeuka na kiganja chake wazi. Kiganja hakikufika. Kilibaki karibu na uso wa mtoto, na yeye mwenyewe machozi yakimtoka, maana tangu mvua zilizopita alikuwa akiomba aisikie sauti ile, na sasa ameletewa hapa, mahali pa kuwaulia wote.

"Nani huko?" sauti iliuliza kutoka darajani. Kisha mlio wa chuma kuvutwa.

Mwanahamisi hakuwa na uongo uliobaki, au alikuwa nao mwingi mno, haikujulikana. Alifungua kinywa akapaza sauti yake ya sokoni, ile iliyouza mabeseni yote.

"Ni mutoto, babangu! Analilia chakula!"

"Mutoto wa nani?"

"Wa njaa! Munataka kumulisha nyie?"

Darajani mtu mmoja alicheka, au alikohoa. Kisha risasi ilipigwa, moja, ikaingia majini mbele ya mtumbwi na kuwarushia maji usoni, na Hubert akaacha ujanja wote, akapiga kafi kwa nguvu za mabega yake. Ya pili ilipita juu. Ya tatu hawakujua ilikwenda wapi. Matawi ya ng'ambo yaliwafunika, mtumbwi ukapanda matope, na mvuvi akalala chali ndani yake akihema, akijipapasa kifua kama mtu anayetafuta ufunguo.

Binti hakuwa amenyamaza hata kidogo. Alilia walipomshusha, alilia walipoingia kwenye njia ya miti, alimpiga bibi yake kwa ngumi mgongoni. Julienne alitoa karanga kwenye pindo la kitenge chake, akazitafuna mpaka zikalainika, akampa. Akameza. Akadai tena. Nyuma yao, darajani, watu walikuwa wanaitana, na mwingine alikuwa anauliza mtumbwi upo wapi.

"Tembea," Mwanahamisi alisema. "Tembea, unatafuna. Usisimame kutafuna."

Wakatembea, mama akitafuna, bibi akibeba, na kilio kikiwatangulia msituni.